HESABU YA NYUMBA NI AMANA

(Ndugu Muislamu, tafadhali usisome karatasi hii wakati Imamu yuko juu ya mimbari. Sikiliza khutba kwanza, kisha uende nayo nyumbani uisome pamoja na jamaa yako.)

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni zake Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma ba'ad:



Somo letu la leo ni juu ya pesa ya nyumba: inaingia namna gani, inatoka namna gani, na kwa nini inaisha mapema kuliko mwezi. Wako wanaofikiri kwamba hayo ni mambo ya soko, hayana nafasi msikitini. Lakini tazama yanayotokea katika avenyu zetu. Mtoto anarudishwa kutoka shule. Mama amejifungua salama, lakini anazuiwa hospitali kwa sababu bili haijalipwa. Baba anapita njia ya nyuma ili asikutane na mtu anayemdai. Bwana na bibi hawasemezani siku tatu kwa ajili ya franka elfu tano. Ndani ya hayo yote kuna haki za watu, na haki za watu ni dini.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Allah amkinge na deni. Alipoulizwa kwa nini anaomba hivyo mara nyingi, alieleza kwamba mtu akizidiwa na deni husema akadanganya, na huahidi akavunja. Basi anayepanga pesa yake vizuri analinda mfuko wake, na analinda pia ulimi wake.

Tuseme pia ukweli: si kila nyumba yenye shida imekosa hesabu. Kuna mshahara unaochelewa, kuna vita vilivyowafukuza watu katika mashamba yao, kuna ugonjwa. Hesabu haiwezi kuigeuza franka moja kuwa mbili. Kazi yake ni kukuonyesha franka yako imekwenda wapi, ili kesho uiamuru wewe badala ya kuifuata nyuma.

1. DINI INATUFUNDISHA NINI

Katika Suratul Furqan, aya ya 67, Allah anawasifu waja wake ambao wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, bali wanashika njia ya katikati. Na katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, anakataza kutapanya mali, na wanaoitapanya anawahesabu kuwa ni ndugu wa mashetani. Kumbuka kwamba aya hizo hazikuwashukia matajiri peke yao. Mwenye kidogo pia anaweza kukitapanya kidogo chake.

Kuhusu akiba, soma habari za Nabii Yusuf (a.s.) katika sura yake, aya ya 47 mpaka 49. Aliwafundisha watu wa Misri walime miaka saba ya shibe, wale kidogo, na sehemu kubwa waiache katika masuke yake, kwa sababu miaka saba ya njaa ilikuwa inakuja. Yeye alikuwa Nabii, na kumtegemea kwake Allah hakukumzuia kuweka ghala. Na Mtume wetu (s.a.w.), alipopata mali ya mashamba ya Banu Nadhir, alikuwa akiwatengea jamaa zake chakula cha mwaka. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kuweka akiba ni kukosa tawakkul. Mkulima wa Maniema anayetenga mpunga wa mbegu hafanyi hivyo kwa kumtilia Allah shaka. Anajua tu kwamba akiila mbegu leo, mvua ya Allah itanyesha juu ya shamba tupu.

2. PESA TATU ZISICHANGANYWE

Ndugu msomaji, ukisahau mengine yote ya karatasi hii, shika hili. Katika nyumba kuna pesa za aina tatu: pesa ya mtaji, pesa ya matumizi, na pesa ya akiba. Nyumba zetu nyingi zinaishi kwa biashara ndogo: mchele, mawese, samaki mkavu, unga wa muhogo, nguo, mizigo ya kinga na motari. Na biashara hizo zinakufa zaidi kwa ugonjwa mmoja: mtaji unaliwa na sufuria, na hakuna anayeona.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ananunua mchele wa franka 100,000, anauuza wote 120,000. Jioni anasema, "Leo nimepata 20,000," na anazitoa zote kwa chakula. Lakini alilipa 5,000 za kubeba mzigo, 2,000 za soko na 1,000 za mifuko. Faida yake ya kweli ni 12,000. Kwa kutoa 20,000 amekula 8,000 za mtaji. Safari ya pili hana tena 100,000, ana 92,000. Mzigo umepungua, faida nayo itapungua, lakini watoto wanakula vilevile. Safari ya tano ikiisha mtaji haufiki hata 60,000. Hapo watu wanasema biashara imerogwa, au jirani ana jicho baya. Hakuna aliyeiroga. Imeliwa taratibu, kijiko kwa kijiko.

Dawa yake ni rahisi kusema na ngumu kufanya. Weka mifuko mitatu, au makopo matatu, na kila moja lijulikane kazi yake. Ukirudi kutoka soko, kwanza rudisha mtaji mahali pake, ukiwa umejaa. Pili toa gharama za kazi. Kinachobaki ndicho chako. Na katika hicho, kata akiba kabla ya kupika, hata kama ni franka 500. Usingoje kuona kitakachobaki mwisho wa mwezi, maana mwisho wa mwezi hakibaki kitu. Na mchele unaotoka katika gunia la biashara kwenda kupikwa nyumbani uandikwe kana kwamba umeuzwa, na pesa ya matumizi iulipe. Vivyo hivyo baba mwenye motari: pesa ya vidange, ya matairi na ya plakete ni mtaji, haina ruhusa ya kununua nyama.

3. BWANA NA BIBI WAKAE PAMOJA

Hesabu ya mtu mmoja haiwezi kuisimamisha nyumba ya watu wawili. Kuna baba ambaye mke wake hajui anapata kiasi gani, na kila asubuhi anatupa franka juu ya meza na kuondoka. Kuna na mama anayeficha madeni ya butiki mpaka mwenye butiki aje kupiga hodi. Wote wawili wanaivunja nyumba moja.

Tujue mipaka ambayo sharia imeweka. Chakula, mavazi na malazi ya mke na watoto ni wajibu wa mume, kwa kadiri ya uwezo wake. Suratut Talaq, aya ya 7, inamtaka kila mtu atoe kwa kipimo cha riziki aliyopewa. Mume akiwa nayo na akaifunga, mke ana haki ya kuchukua kinachomtosha yeye na watoto kwa wema: hivyo ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyomjibu Hind, mke wa Abu Sufyan, alipomlalamikia mumewe. Na mali ya mke, ile ya biashara yake au ya mahari yake, ni yake. Mume hana ruhusa ya kuichukua kwa nguvu wala kwa hila. Mke akiitoa kwa ajili ya nyumba, ni hisani na ni sadaka. Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud, alipouliza kama inafaa kumpa sadaka mume wake, alijibiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba ana malipo mawili: ya ujamaa na ya sadaka.

Katika miji yetu ni akina mama wengi wanaoipandisha sufuria kila jioni. Baba, usilione hilo kuwa deni analokulipa. Mshukuru, na umwonyeshe pesa yako naye akuonyeshe yake. Kaeni mara moja kwa mwezi baada ya sala ya Isha, watoto wakiwa wamelala, na kaye moja na bik moja. Andikeni kilichoingia, kilichotoka na tunachodaiwa. Asifokewe mtu siku hiyo. Mkifokeana, mwezi ujao mtafichana.

4. MFANO WA HESABU YA MWEZI

Hii si bei ya soko wala sheria. Ni mfano wa kujifunzia. Tuseme baba ni mwalimu na mama anauza sokoni, na vyote viwili, mshahara na faida, vinafika franka 500,000 kwa mwezi. Wanaweza kuzigawa hivi:

- Akiba (inatoka kwanza): 40,000
- Chakula, 8,000 kwa siku 30: 240,000
- Kodi ya nyumba: 60,000
- Shule: 50,000
- Makala, maji, sabuni na taa: 45,000
- Dawa na hospitali: 25,000
- Wazazi na sadaka: 20,000
- Simu na usafiri: 20,000

Jumla: 500,000.

Tazama mambo matatu. La kwanza: pesa ya shule inatoka kila mwezi, ingawa shule inaianza hesabu yake mwezi wa tisa. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini kaye, viatu na sare havikuwa bure, na sekondari ina gharama zake. Anayeweka 50,000 kila mwezi anaingia Septemba na 600,000 mkononi. Asiyeweka anazitafuta zote kwa wiki mbili, na katika wiki mbili hizo ndipo kinga inauzwa kwa bei ya kutupa.

La pili: dawa ina fungu lake hata kama hakuna mgonjwa. Mwezi ambao malaria haikuingia nyumbani, fungu hilo lisigeuzwe kuwa soda. Linangoja.

La tatu: sikukuu zetu hazifuati kalenda ya mshahara. Ramadhani na Idi hutangulia kila mwaka kwa siku 10 au 11. Basi mwanzoni mwa mwaka angalieni Idi zitaangukia mwezi gani, na muanze kuweka mapema. Si haki mwezi wa kufunga uwe ndio mwezi wa kukopa, wala kanzu mpya ya Idi iwe imeshonwa kwa deni.

Na kama nyumba yako inapata 200,000 au 100,000? Njia ni ileile. Mafungu yatakuwa madogo. Anayepata pesa kwa siku na apange kwa siku au kwa wiki, asijilazimishe hesabu ya mwezi ambayo si maisha yake.

5. MATUNDU MADOGO YA MFUKO

Franka 1,000 kwa siku inaonekana si kitu: inite za simu, sukari ya pakiti ndogo, chai ya njiani. Lakini 1,000 kwa siku ni 30,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya 360,000. Hatusemi mtu asinywe chai. Tunasema ajue bei yake ya mwaka.

Tundu jingine ni kununua kidogo kidogo. Anayenunua mawese kwa kikombe na makala kwa mfuko mdogo kila siku analipa zaidi kuliko anayenunua bido na gunia. Maskini analipa bei ya juu kwa sababu hana pesa ya pamoja. Hapa jirani watatu wanaweza kusaidiana: wachange, wanunue gunia moja la makala, wagawane. Na tundu la tatu ni harusi na matanga ya kuonyeshana. Kumlisha mgeni ni sunna. Kukopa ili watu waseme ni jambo jingine.

6. AKIBA IWEKWE WAPI?

Wazee wetu wameiogopa pesa ya karatasi, nao wana sababu. Siku ya tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani ziligeuka kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Na franka yenyewe: mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930, mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa imepita 2,500. Aliyefukia franka 93,000 chini ya kitanda mwaka 2015, sawa na dola 100, baada ya miaka minane alizikuta zote 93,000, lakini hazikufika hata dola 40.

Kwa hiyo pesa ya matumizi ya mwezi huu ikae katika franka. Akiba ya muda mrefu isikae ikilala: igeuke dola, au mbuzi, au mabati ya nyumba unayojenga pole pole, au mtaji ulioongezwa. Kila moja ina hatari yake: mbuzi hufa, nyumba haiuziki usiku wa ugonjwa. Basi usiweke vyote mahali pamoja. Sehemu ndogo ibaki karibu, ya kutosha dawa na usafiri wa ghafla, kama ni katika simu au kwa mtu mwaminifu mbele ya shahidi.

Likelemba ni msaada mkubwa. Watu kumi wakitoa 20,000 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake anapokea 200,000 pamoja, na anaweza kununua gunia au mashine ya kushona. Wanazuoni wengi wameiruhusu, kwa kuwa ni kukopeshana bila nyongeza. Masharti yake: watu wajuane, zamu iandikwe, na mwenye msiba aruhusiwe kutangulia. Anayepokea kwanza kisha akakimbia amekula amana ya wenzake tisa.

Kuna pia vikundi vya akiba vyenye sanduku la kufuli tatu. Njia hiyo ilianzia Niger mwaka 1991 kati ya akina mama wa kijiji, kwa msaada wa shirika la CARE, na leo imefika mpaka kwetu. Sanduku, kufuli na hesabu ya wazi mbele ya wote ni mambo mazuri. Muislamu aangalie neno moja tu: mkopo unaotoka katika sanduku ukirudi na nyongeza, nyongeza hiyo ni riba. Waislamu wakiunda kikundi chao wanaweza kukubaliana kukopeshana bila nyongeza, au kufanya biashara pamoja na kugawana faida na hasara.

Na mjihadhari na anayeahidi kuizidisha pesa bila kazi. Mwaka 1991 watu wengi wa Kinshasa walipoteza akiba zao katika Bindo Promotion, iliyoahidi faida kubwa kwa muda mfupi. Jina hubadilika, siku hizi huja kwa simu, lakini mlango wa kutokea ni uleule.

7. DENI NA RIBA

Kukopa kwa haja si dhambi. Lakini deni liandikwe, kama Allah alivyotuamuru katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara: kiasi, tarehe ya kulipa, mashahidi. Kuandika si kumdharau ndugu yako. Ni kuulinda undugu.

Ama wale watu wanaowaita "Banque Lambert", wanaokopesha kwa nyongeza ya kila mwezi, ogopa mlango wao. Hesabu mwenyewe: unachukua 100,000 kwa nyongeza ya nusu. Mwezi ukiisha unadaiwa 150,000. Huna, unalipa 50,000 za nyongeza tu. Ukifanya hivyo miezi minne umekwisha kutoa 200,000, na deni la 100,000 bado liko palepale. Wenye mashahara wanaacha karata yao ya benki kwa mkopeshaji, na mwezi hadi mwezi wanamfanyia kazi yeye. Riba imeharamishwa, na macho yetu yanaona sababu moja ya kuharamishwa kwake.

Nasi tuliobaki tujiulize: ndugu yetu alikwenda kwa mla riba baada ya kugonga milango mingapi ya Waislamu?

8. FANYA HAYA WIKI HII

Kwanza, nunua kaye na uandike kila franka inayoingia na kutoka kwa siku saba. Usibadilishe kitu, andika tu. Pili, tenga mtaji na matumizi. Tatu, kaa na mwenzako, mwandike madeni yote, na muanze na lile linaloumiza zaidi. Nne, chagua kiasi cha akiba ambacho hutashindwa, hata 500 kwa siku: kwa mwaka ni 182,500. Tano, akiba ikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikakaa mwaka mzima wa Kiislamu, toa zaka yake, asilimia 2.5. Na ambaye hajafika huko asiache sadaka ndogo.

Ndugu Waislamu, Mtume (s.a.w.) alimwambia Sa'd bin Abi Waqqas, alipotaka kuusia mali yake yote, kwamba theluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosha ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Basi kila franka unayoitenga leo kwa ajili ya watoto wako usiione ni ndogo. Siku ya Kiama mja ataulizwa juu ya mali yake: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. Mwenye kaye yake hapa duniani amekwisha kuanza kujitayarisha kwa swali hilo.

Tunamwomba Allah atupe riziki ya halali, atutie baraka katika kidogo chetu, atukinge na deni na riba, na azijaze nyumba zetu mapenzi na maelewano. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Ina jina la Allah: usiitupe karatasi hii ovyo. Ukimaliza, mpe jirani.)